Katuni ya mtoto mlizi, na kiatu kilichorushwa uvunguni

Saa moja na nusu asubuhi, Ngamiani, mpwa wangu wa miaka minne kalala chali sakafuni, kiatu kimoja mguuni. Cha pili kakirusha uvunguni. Bajaji inayokusanya watoto wa chekechea ishapiga honi mara mbili, mama yake anatafuta funguo, na yeye anasema hataki viatu, anataka kandambili. Akiletewa kandambili anasema si hizi, anataka zile za jana. Ndizo hizohizo. Bibi yake, yaani mama yangu, anapita na birika la chai na kutoa hukumu bila kusimama: "Kayatoa kwenye simu hayo. Kwa yule mtoto kipara."

Hukumu hiyo nimeisikia katika nyumba nyingi hapa Tanga, na kwa kuwa mimi ndiye mjomba niliyempa mtoto simu, niliona niichunguze kabla ya kuikubali. Nilidhani ni swali la ndiyo au hapana. Sivyo.

Mtoto kipara ni Caillou. Wengi wanamjua kwa katuni, lakini alianzia kitabuni. Vitabu vyake vya kwanza vilitoka mwaka 1989 huko Quebec, jimbo la Canada linalosema Kifaransa. Mwandishi ni Christine L'Heureux na mchoraji ni Hélène Desputeaux. Jina lenyewe kwa Kifaransa maana yake ni kokoto. Mwaka 1997 akaingia kwenye televisheni, na leo yuko kwenye simu ya kila mjomba mzembe. Upara wake umezua maneno mengi, wapo wanaodhani ni mgonjwa. Si mgonjwa. Katika vitabu vya mwanzo alikuwa mtoto mdogo sana, wa umri ambao wengi hawana nywele za kuchana. Alipokuzwa hadi miaka minne, wachapishaji wakaona wakimwotesha nywele watoto hawatamtambua tena. Akaachwa hivyo.

Visa vyake ni vidogo mno hata kusimulika. Mdogo wake, Rosie, kagusa vitu vyake. Hataki kulala. Anaogopa giza. Hakuna jini, hakuna mwizi, hakuna jahazi linalozama. Na ndani ya udogo huo yeye hulalama, hununa, hulia. Wazazi wa Canada na Marekani wamelalamikia kilio hicho kwa miaka, na PBS, mtandao wa televisheni ya umma wa Marekani ulioanza kumwonyesha mwaka 2000, ukamwondoa Januari 2021. Kuna wazazi walioshangilia mtandaoni kama waliofunga goli dakika za majeruhi. Kwa hiyo mama yangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda Unguja kuzika, hayuko peke yake.

Nilimuuliza kwa nini hasa hampendi. Akanijibu: "Kwanza ile si hadithi. Ile ni habari ya asubuhi."

Jibu hilo limenifaa kuliko mengi niliyosoma. Hadithi alizotusimulia sisi zilianza kwa paukwa, tukaitika pakawa, na mlango ukafunguka kwenye dunia ambayo si hii. Sungura anamponza Fisi, Abunuwasi anamzidi sultani kwa maneno, zimwi linaposa binti wa watu. Shida hutoka nje: njaa, ukame, mtawala katili. Mtoto hayumo kwenye hadithi. Yumo kwenye mkeka, anasikiliza. Mwenye kosa huumbuka, tunacheka, tunalala.

Kitabu cha picha cha aina ya Caillou kimemtoa mtoto mkekani kikamtia ndani ya hadithi, na sultani katili kikamfanya kiatu. Kwa mtu mzima huo ni upuuzi. Lakini ipige hesabu siku ya mtoto wa miaka minne. Saa ya kuamka hapangi yeye. Uji hakuuchagua, wala moto wa uji. Wanaomwogesha, wanaombeba, wanaomwacha mlangoni na kwenda kazini, wote wameshaamua bila yeye. Mahali pekee ambapo "sitaki" yake ina nguvu ni mwilini mwake: mdomo unaoweza kukataa kijiko, mguu unaoweza kukataa kiatu. Tena ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia, kusubiri na kubadili nia, kwake bado ni changa. Huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Sisi tunaona kiatu. Yeye yuko vitani, na silaha yake ni mguu.

Kiswahili kimeliona hili zamani. Tazama maneno tuliyonayo. Kununa ni kazi ya uso. Kususa ni kukataa unachokitaka ili walio karibu waone umekikataa. Ndiyo maana anayesusa pilau hakai mbali, hukaa pale harufu inapofika. Kulialia ni kilio kisicho na machozi wala mwisho. Kujigaragaza kunahitaji sakafu. Na kudeka kunahitaji mtu anayekupenda: sijaona mtoto anayemdekea askari. Mpwa wangu huyuhuyu akifika chekechea huvua na kuvaa viatu mwenyewe, mwalimu wake anamsifu kwa hilo, na dada yangu aliposikia sifa hizo alidhani wamemchanganya na mtoto mwingine. Lugha yenye maneno yote haya ilistahili rafu nzima ya vitabu vya watoto wanaosusa. Nilivyovipata mimi havijazi hata mfuko wa rambo.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, maana hapo ndipo nilipogundua kwamba kitabu na katuni vinavyobeba kisa kilekile si kitu kimoja.

Kitabu cha picha cha kawaida duniani kina kurasa 32. Namba hiyo haikutokana na elimu ya watoto. Imetokana na karatasi. Karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa, na kila mkunjo huzidisha kurasa mara mbili: 8, 16, 32. Ukitoa ukurasa wa jina na wa mambo ya uchapishaji, mwandishi anabaki na mafunguo kumi na mawili au zaidi kidogo, yaani kitabu kikilazwa wazi, kurasa mbili kwa pamoja. Ndani ya mafunguo hayo lazima mtoto agome, alie, kitu kigeuke, na viatu vivaliwe. Hakuna nafasi ya nasaha. Na kila ufunguo huishia kwenye ncha ya karatasi, ambapo mkono wa msomaji unasita kabla ya kugeuza. Msanii anayejua kazi yake hulitega swali hapo hapo. Mlango umegongwa; nani? Geuza. Mtoto hujifunza kusubiri kwenye ile ncha, na mshikaji wa ncha ni mtu mzima aliyemkalisha mapajani.

Kisha kuna mgawanyo wa kazi kati ya maneno na picha. Maneno yanasema, "Alivaa viatu vyake." Picha inaonyesha cha kulia kiko mguu wa kushoto. Mtu mzima macho yake yako kwenye herufi, anapitiliza. Mtoto asiyejua herufi hata moja anaona kosa, anacheka, anakidonoa kitabu kwa kidole: "Mjomba, kakosea!" Kwa dakika moja katika siku yake yote, yeye ndiye anayejua na mkubwa ndiye asiyejua. Kwangu hiyo ndiyo raha kuu ya vitabu hivi, na ndiyo inayokosekana katika vitabu vyetu vingi vya watoto, ambavyo vimeandikwa kwa nia ya kufundisha kusoma tu. Maneno yanasema Juma ana mpira, na picha inaonyesha Juma ana mpira. Mtoto hana la kufanya hapo isipokuwa kukubali.

Kwamba picha ni nusu ya hadithi, si pambo lake, kulimfikisha huyo Caillou hadi Mahakama ya Juu ya Canada. Mchoraji na wachapishaji waligombana juu ya haki za mtoto yule wa karatasi, shauri likapelekwa kwa mwamuzi, naye akaona kwamba mwandishi na mchoraji wote wawili ni waandishi wa kazi ile. Waliendelea kuvutana iwapo mwamuzi alikuwa na mamlaka ya kuamua jambo la hakimiliki, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikasema alikuwa nayo. Watu wazima wamefika mahakama kubwa kuliko zote nchini mwao wakigombea mtoto ambaye kosa lake kubwa ni kutotaka kugawana vitu.

Ukikichukua kitabu kama hicho na kukifanya katuni, watu hudhani umeongeza mwendo tu. Mwendo wenyewe si haba. Televisheni ya kwetu hupitisha picha 25 kwa sekunde, sinema 24. Wachoraji wa mkono hawachori zote. Kwa kawaida mchoro mmoja hukaa kwa picha mbili, kwa hiyo sekunde moja hula michoro kama 12. Visa vya mwanzo vya Caillou vilikuwa vya dakika tano hivi. Piga hesabu: kama kila kitu kingechorwa upya, kisa kimoja kingehitaji michoro 3,600, wakati kitabu kilitosheka na mafunguo kumi na kitu. Ndiyo maana ukiangalia kwa makini katuni nyingi za watoto, ukuta hautikisiki, meza haitikisiki, mwili umetulia, kinachocheza ni mdomo na mkono mmoja. Hiyo ni gharama iliyookolewa.

Lakini kilichoongezeka hasa ni muda wa kilio. Kitabuni, kilio ni picha moja. Kimya. Anayesoma ndiye anayeamua kilie namna gani: dada yangu hukipitia kwa pumzi moja ili awahi kulala, mimi hukilia kama honi ya lori la katani, mama yangu hunyamaza kidogo na kumtazama mtoto usoni. Mtoto mwenyewe akichoshwa na ukurasa ule anaugeuza. Kwenye katuni kilio kina sauti yake, kina muziki nyuma yake, na kina urefu wake ambao hakuna aliye chumbani anayeweza kuufupisha. Tena dakika tano ni lazima zijazwe. Mgogoro una vituko, kwa hiyo hupewa dakika nne. Suluhu haina vituko. Mama kamkumbatia, kacheka, basi. Hupewa nusu dakika, wakati ambapo mtoto ameshaanza kukitazama kitufe cha kisa kinachofuata.

Hapa ndipo hukumu ya bibi inapopata mguu wa kusimamia. Kuna tafiti za Marekani zilizofuatilia watoto wa chekechea na kukuta jambo lisilotarajiwa: wale waliotazama sana vipindi vya kuelimisha hawakuwa wapole zaidi katika mambo fulani, walizidi katika ule ukorofi wa kutengana, wa "hatuchezi na wewe". Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto mdogo hana uzi wa kuunganisha ugomvi wa dakika ya kwanza na upatanisho wa dakika ya mwisho. Kwake hivyo ni visa viwili. Na kile kirefu ndicho kinachobaki.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2008. Watafiti wa Marekani waliwaonyesha watoto wa chekechea katuni ambamo mbwa mwenye miguu mitatu anaogopwa na mbwa wenzake, kisha anakubaliwa. Fundisho lililokusudiwa lilikuwa kuwapokea walio tofauti nasi. Watoto wengi hawakulipata. Walichopata kilikuwa kwamba mbwa wa miguu mitatu wafanyiwe wema. Kwa wastani wa mbwa wa miguu mitatu ninaokutana nao kuanzia hapa hadi Raskazone, hilo ni fundisho la kutumika mara moja maishani.

Kwa hiyo ikiwa Caillou amekataa viatu, mtoto anaweza kuondoka na kukataa viatu. Mama yangu angesema, "Si nilisema?" Ila kuna pande nyingine, na hapo nilifurahi kidogo kwa niaba ya mtuhumiwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwachukua watoto 60 wa miaka minne, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja lilitazama kwa dakika tisa katuni ya kasi ya yule sifongo wa baharini mwenye suruali ya mraba. Kundi la pili lilitazama katuni ya taratibu ya mtoto wa kawaida nyumbani kwao, naye alikuwa Caillou. La tatu lilipewa karatasi na kalamu za rangi. Kisha wote wakapewa majaribio ya kujizuia, kukumbuka na kusubiri. Waliotoka kwenye katuni ya kasi walifanya vibaya kuliko waliochora. Waliomtazama Caillou hawakuachwa nyuma na waliochora. Kwenye ile ya kasi mandhari ilibadilika takriban kila sekunde 11. Kwa Caillou takriban kila sekunde 34. Yaani yule kipara anayelaumiwa kwa kuharibu watoto aliingia maabara kama mfano wa utulivu. Jaribio lile lilipima mara tu baada ya kutazama, na dakika tisa si mwaka; lakini anayesema katuni ni katuni, zote sawa, ajue sivyo.

Jaribio jingine linatuuma sisi watu wa Sungura na Fisi. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa miaka minne hadi sita waliosomewa kitabu kuhusu kugawana. Wengine walisomewa chenye wahusika binadamu. Wengine kilekile, ila wahusika wakiwa wanyama waliovaa nguo. Baadaye watoto wakapewa nafasi ya kuwagawia wenzao stika. Waliosomewa cha binadamu waligawa zaidi. Wa wanyama hawakugawa zaidi. Inaelekea mtoto mdogo hamwoni mnyama aliyevaa shati kama mtu wa kuigwa. Anamwona mnyama aliyevaa shati.

Nilipomweleza mama habari hii alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nani alikwambia Sungura ni wa kuigwa?" Na kweli. Sungura ni mwizi, mwongo, mchochezi. Hatukusimuliwa ili tuwe kama yeye. Tulisimuliwa ili tucheke, tujue ulimwengu una watu wa namna hiyo, na tunyamaze mpaka chakula kiive. Sungura aachwe alipo. Lakini anayetaka kuandika kitabu cha kumsaidia mtoto na kiatu, na amweke binadamu ndani.

Katuni ya kwetu yenye mtoto binadamu ipo. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, hutengeneza kipindi cha Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia nchi ya ndotoni, na huko ana marafiki wanyama. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha watoto waliomtazama walipiga hatua katika kuhesabu, maumbo na kuchora. Ni kazi nzuri, na mpwa wangu anaimba nyimbo zake bafuni. Ila Akili akitaka kujifunza huondoka nyumbani, huenda ndotoni. Mimi ninayemtafuta ni yule anayebaki nyumbani, kwenye birika na ndoo.

Maana mahangaiko ya Caillou si yote ya kwetu. Kisa cha kuogopa giza chumbani peke yake mpwa wangu hukitazama kwa mshangao, si kwa woga. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Wenzake wako wapi?" Yeye hajalala peke yake hata usiku mmoja tangu azaliwe. Analala kwenye kitanda cha nne kwa sita, na dada yake na binamu zake wawili, na kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote, yuko ukutani. Shida yake ya usiku ni kinyume cha ya Caillou: mkojo ukimbana, lazima avuke watu watatu na chandarua.

Nimekuwa nikikichora kitabu hicho kichwani. Ufunguo wa kwanza, kitanda kutoka juu, vichwa vinne kama maandazi kwenye sinia. Wa pili, macho mawili yamefunguka. Wa tatu, goti linapita juu ya binamu wa kwanza; maneno yanasema tu, "Mlima." Binamu wa pili: "Mlima mwingine." Dada, anayekoroma: "Mlima wa moto." Kisha chandarua, kimechomekwa chini ya godoro kama bahasha. Umeme umekatika. Choo kiko uani. Uani ndiko mjomba mmoja asiye na akili alikomwambia kuna zimwi. Hapo kwenye ncha ya ukurasa kuna kitu cheupe kinachopepea, na ukigeuza ni kanga ya bibi iliyosahaulika kwenye kamba. Ufunguo wa mwisho maneno yanasema, "Alifika." Picha inaonyesha mlango wa choo, na nyuma ya mtoto, matone.

Kitabu hicho hakina adhabu wala pongezi. Hakuna anayemwita kikojozi. Msomaji mdogo ataona matone, msomaji mkubwa atasoma "Alifika", na watagombana kidogo nani kasema kweli. Kikifanywa katuni, najua kitakachotokea: mtu atatia wimbo, na ule mlima wa moto utapewa dakika moja na nusu.

Jambo moja kuhusu katuni ya Caillou sikulijua mpaka nilipoanza kuichunguza. Katika misimu yake ya mwanzo, visa husimuliwa na bibi. Anaonekana akiwasomea wajukuu, ndipo tunaingia ndani ya kisa. Watengenezaji walijua kwamba kisa kidogo namna hii hakisimami bila mtu wa kukisimulia. Wakamchora bibi. Kasoro yake ni moja tu: bibi wa kwenye kioo hasikii. Mtoto akimuuliza "kwa nini analia?" yeye anaendelea. Wa kwetu husimama, huuliza, "Wewe unaonaje, mume wangu?" na kisa kikapotea njia, kikarudi, mara nyingine kisirudi kabisa. Ule uzi ambao watafiti wanasema mtoto hana, wa kuunganisha mwanzo wa ugomvi na mwisho wake, husokotwa hapo, kwenye maswali ya kijinga katikati.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Nyumbani kwetu sheria hiyo husimamiwa na bando. Na mtoto akitaka kisa kilekile kila siku, msimbadilishie kwa kuchoka nyinyi. Mwaka 2011, watafiti wa Sussex, Uingereza, waliona watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi moja kwa kurudiarudia wakishika maneno mapya zaidi ya waliosomewa hadithi tofauti zenye maneno hayohayo.

Mama yangu bado anashikilia yake. Ana methali moja anayoirusha kila mtoto anapobembelezwa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Simpingi. Methali haisemi mtoto asilie. Inasema mkubwa asiogope kilio. Mtu asiyekiogopa anaweza kukaa nacho kwenye ukurasa mmoja, akakitazama, akageuza.

Wiki iliyopita nilileta kitabu kutoka kwenye mitumba, si cha Caillou, jalada lake limechanika hata jina halisomeki. Ni mtoto na viatu vyake. Cha Kizungu, lakini maneno ni machache na mama hana haja nayo. Yeye alisoma chuoni kwa herufi za Kiarabu, na hizi nyingine huzipita kama kokoto za njiani. Akamkalisha mjukuu mapajani, akakishika kitabu kama anavyoshika msahafu, akakifungulia upande wake, kutoka kulia.

Kwa hiyo hadithi ikaanzia mwisho. Mtoto yuko kwenye dimbwi la mvua, kavaa viatu, anacheka. Ukurasa uliofuata, mama yake anamfunga kamba. Uliofuata, kakaa kwenye ngazi, kanuna. Mama hakubabaika hata kidogo. Aliusimulia kama ulivyokuja, picha kwa picha, mpaka wakafika mwisho wake yeye: mtoto sakafuni, mguu mtupu, mdomo wazi kama pango. "Basi," akasema, "hadithi yangu imekwisha."

Mpwa wangu alinyamaza. Akaomba tena. Nikataka kumwonyesha njia sahihi, wote wawili wakanitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Asubuhi yake bajaji ilipopiga honi, tulimkuta amekwisha kuvaa viatu vyote viwili, cha kulia mguu wa kushoto. Akatembea hadi katikati ya chumba, akalala chini, akaanza kulia.

Mama akaweka birika mezani. "Haya, mume wangu," akasema, "lia upesi, gari inangoja."